Koti Nyuma ya Mlango wa Mwanamume Mwingine

Katika maisha yangu nimewaonea wivu mwalimu wa hesabu wa shule ya jioni, kinyozi wa mtaa wa pili, na mchungaji mmoja aliyeisifia sauti ya mke wangu mara mbili katika ibada moja. Lakini kulionea wivu koti, hilo lilinipata mwaka tulipoomba viza yangu ya kuhamia Marekani. Nilikonda mpaka futikamba yangu ya ushonaji ikawa inanizunguka kiuno mara tatu.

Mke wangu ni Mrundi kwa kuzaliwa na Mmarekani kwa uraia. Alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akapelekwa Marekani na familia iliyomlea, na akiwa mtu mzima akaja Johannesburg kusoma Braamfontein. Siku moja alileta suruali dukani kwangu Yeoville nimpunguzie urefu. Niliipima suruali ile mara nne katika wiki mbili, na mara ya nne wote wawili tulijua kwamba suruali haina tatizo lolote. Harusi ikafuata.

Sasa, mume mgeni akitaka viza ya kuhamia kule, mke ndiye anakuwa mdhamini wake, na mdhamini lazima athibitishe kwamba makazi yake yako Marekani. Uraia peke yake hautoshi. Kama anaishi nje, aonyeshe kwa karatasi kwamba kule hajakuhama, au kwamba anarudi kabla ya mumewe kufika, au pamoja naye. Masharti hayo niliyasoma mwenyewe, Kiingereza kitupu, chini ya cheti changu cha shule ya jioni nilichokitundika juu ya cherehani. Nadhani Afrika Kusini nzima tulioyaelewa hatuzidi watatu. Kuyaelewa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuyameza.

Maana mke wangu alikuwa na ushahidi, ndugu zangu! Aliumwaga kitandani: leseni ya udereva, karatasi za benki, kadi ya mpiga kura, barua ya kazi inayomsubiri mwezi wa tisa. Na kila karatasi ilikuwa na anwani ileile.

"Hapa ni kwa nani?" nikauliza.

"Kwa kaka yangu wa kambini."

"Kaka wa tumbo moja?"

"Wa sahani moja, sheri wangu. Nilishakuambia."

Ni kweli, alishaniambia. Ila hakuniambia kwamba kaka huyo anaandika barua, tena ya kuapa mbele ya mwanasheria: kwamba chumba cha mke wangu hakijalaliwa na mtu tangu aondoke, kwamba barua zake anazipokea yeye, na kwamba koti lake la baridi bado limening'inia nyuma ya mlango.

Miaka minne, koti limening'inia! Mimi nikisahau koti la mteja mwezi mmoja tu, nondo wanalifanyia karamu. La kwake nani analikung'uta? Nani analipiga brashi? Na wakati wa kulipiga brashi, anawaza nini?

Nikaenda kutafuta faraja kwa jirani yangu, mama Mkongomani anayesuka nywele duka la pili. Alinisikiliza bila kuacha kusuka.

"Yee, papa! Mwanamke akiacha koti kwa mwanaume, na bega amelibakisha humo ndani."

Wateja wake wakacheka mpaka msuko wa mmoja ukafumuka. Nilirudi kwenye cherehani yangu na bega hilo kichwani.

Kwetu Tanga, mwanamke akishaolewa, nyumbani kwake ni kwa mumewe. Ikisikika kwamba mkeo ana chumba chake kwa mwanamume mwingine, ukipita, mtaa mzima unaanza kukohoa. Basi asubuhi ya mahojiano nikafanya jambo ambalo nililiona la kiume kabisa: niliichomoa barua ile kwenye faili, nikaikunja, nikaizika kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Mke wangu alikuwa na mtihani siku hiyo. Nikapanda teksi peke yangu hadi ubalozi mdogo wa Marekani, Sandton, faili nene kama godoro kwapani.

Dada wa dirishani alikuwa mpole. "Mke wako anaishi wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri wiki nzima: makazi yake Marekani, hapa yuko masomoni tu. Lakini nilipofungua mdomo, koti likapita mbele ya macho yangu.

"Kwangu!" nikasema. "Yeoville. Viatu vyake, mto wake, sufuria zake, vyote kwangu."

"Hana makazi Marekani?"

"Kule hana hata msumari wa kutundikia koti."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu sana, kisha akanipa karatasi: ombi limesimama mpaka mdhamini alete ushahidi wa makazi yake.

Mke wangu aliisoma amesimama, mkoba bado begani.

"Barua ya kaka iko wapi?"

Nikavuta droo. Vifungo vikamwagika chini, vikabingirika kila upande, na hakuna kati yetu aliyeinama kuviokota.

"Umeikunja kama risiti ya kiduka cha spaza," akasema. "Na ina chaki. Sasa sikiliza. Mwezi wa tisa kazi yangu inaanza, na mimi naondoka, viza yako itoke isitoke. Nitafikia nyumba hiyohiyo. Ukitaka nifikie peke yangu, endelea hivyohivyo."

"Eish," nikasema. Cheti chote kile, na neno lililonijia ni hilo.

"Mpigie. Wewe uliyeificha, wewe uombe nyingine."

Nilipiga nikiombea asipokee. Alipokea mlio wa kwanza, sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira. Hata sauti yake niliionea wivu.

"Shemeji! Hatimaye!"

"Shemeji, ile barua imepata ajali."

"Ajali ya maji au ya wivu?" Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Usijali, nitaandika nyingine. Unajua lile koti lilikuwa la mama aliyetulea? Kabla hajafa alisema ni la dada. Ndiyo maana sijaligusa."

Wivu wangu uliyumba pale, lakini haukuanguka.

"Safari hii nitaandika chumba ni chenu wawili," akaendelea. "Na ndoano ya pili ipo nyuma ya mlango. Huku baridi si mchezo, shemeji. Nipe kipimo cha kifua nikutafutie koti."

Miaka yote hii mimi ndiye ninayepima watu. Kifua changu ni inchi thelathini na nane, nakijua kama jina langu.

"Arobaini na sita," nikasema.

"Loh! Dada ameolewa na mlango!"

Barua ikaja, tukaipeleka, na viza ikatoka wiki tatu kabla ya mwezi wa tisa. Pamoja na barua alituma picha: koti la mama kwenye ndoano moja, na kwenye ya pili koti jeusi, kubwa kama hema la harusi. Mke wangu aliitazama picha, akanitazama kifuani, akaenda jikoni kubandika sufuria ya ugali. Tangu siku hiyo nakula ugali sahani mbili, mchana na jioni.