Siku Niliyoziba Utoro wa Lambo Langu Ili Wakwe Waone Maji

Hii aibu nawasimulia mwenyewe kwa sababu najua mmeshaisikia huko Shangani kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na naambiwa kwao nilikutwa juu ya mkorosho nalia, jambo ambalo si kweli, mkorosho sikupanda.

Mnalijua lambo langu kule bondeni nje ya mji, lile la tuta la udongo ninalomwagilia bamia na nyanya tangu nilipostaafu kazi za bandarini. Basi watu wa Newala wakaleta habari kwamba wanakuja kumposa binti yangu Mwanahawa, nami nikasema hawa hatuwapokelei nyumbani mjini, tunawapokelea shambani, walione lambo limejaa pomoni. Tatizo lilikuwa halijai pomoni, kwa sababu pembeni lina utoro, yaani ile njia ya kutolea maji yakizidi, na fundi aliuweka chini ya usawa wa tuta kwa makusudi. Mimi nikaona unaniharibia sura ya lambo, nikauziba kwa viroba vya mchanga.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Mwanahawa, na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha si ndiyo lijae," nikamjibu (na nikajiona nimejibu vizuri sana).

Ikanyesha. Wageni walipofika maji yalikuwa yamelingana na tuta, yanameremeta, na mimi ndani ya kanzu nyeupe nimewatandikia mikeka juu ya tuta lenyewe, naomba msicheke bado. Mshenga wao ndiyo kwanza anasema wameona ua zuri kwetu, nikaona mkeka wa mkwe, baba wa kijana anayeposa, unalowa. Nikadhani amemwaga chai. Naye sijui alinidhania nini, maana alisogea mbali na mimi.

Mara jirani yangu wa chini ya tuta, Bi Somoe, akatokea maji yakiwa magotini.

"Baba Mwanahawa, maji yako yameingia kwangu. Na mama yumo ndani, hawezi kutembea."

Hapo, jamani, uheshimiwa wote ukanitoka. Nikawaambia wageni washuke kwenye tuta, nikakimbilia utoroni kuvuta vile viroba, na mkwe wangu mtarajiwa, mtu mzima na kofia yake ya kufumwa, akavua viatu akashuka na mshenga kwenda kumtoa yule bibi. Mimi navuta, viroba vimenata, nyuma yangu kona ya tuta inameguka na kuondoka na sufuria ya pilau, na moyoni naomba Mungu bibi asije akafa kwa sababu ya maringo yangu. Kiroba cha mwisho kikaachia ghafla, maji yakanizoa, yakaniburuta mpaka kwenye bamia, kanzu ikiwa imenifunika kichwa, na mashangazi wa Newala wote wamesimama wanatazama vilivyobaki.

Nilipojifunua, mkwe alikuwa mbele yangu amembeba mama yake Bi Somoe mgongoni, mzima, amelowa tu. Bibi akanitazama pale matopeni, akauliza kwa upole, kana kwamba hanijui, "Huyu ndiye baba wa binti?"

"Ndiye," mkwe akasema. Kisha akanigeukia. "Binti tumemridhia. Mambo mengine tutayazungumza mjini."

Makopa ya Bi Somoe, ile mihogo aliyoianika kwa chakula cha mwaka, yalikwenda na maji, na nimemrudishia yote. Ukuta wake nimeujenga upya, utoro nimeupanua, na naapa sitauwekea hata jani kavu, aje mkwe, aje waziri. Bi Somoe amesema hana kinyongo. Lakini mvua ikianza naenda na jembe kusimama pale utoroni, naye anatoka kusimama mlangoni kwake na mwavuli, ananiangalia. Harudi ndani mpaka mvua ikatike.