Mguu wa Fundi na Kisanduku cha Besi

Ukitaka kumwona mpiga besi wa bendi yoyote ile, usihangaike kutazama mbele. Mbele yuko mwimbaji, anatokwa na jasho la kupendwa. Pembeni yake yuko mpiga gitaa la solo, amefumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mpiga besi yuko kule nyuma ya spika, karibu na mlango wa jikoni, wahudumu wanampita na trei za glasi wakimwambia, "Samahani kaka, sogea kidogo." Huyo kaka anayesogezwa ndiye ninayetaka mkae naye leo, na mkimcheka msijali, mwenyewe alikuwa wa kwanza kujicheka.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Sare za shule: sketi za marinda, kaptula, mashati ya kola ngumu. Kibanda chake kiliegemea duka la vifaa vya ujenzi, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ile ya chuma cheusi, kwa hiyo umeme ukikatika, mafundi wenzake walitoka nje kupiga soga, yeye akaendelea kushona huku akiwaitikia kupitia dirishani. Mtaani walimwita Fundi. Kwenye bendi pia walimwita Fundi, kwa sababu alipoingia alikuja kuwapima mashati, akakuta gitaa la besi limeegemezwa ukutani halina mwenyewe.

Bendi ilipiga kwenye sherehe za watu. Kiongozi wake aliitwa Bosi Mdogo, maana bosi mkubwa alikuwa mke wake, na hilo alilisema mwenyewe bila kuona haya. Siku moja Bosi Mdogo alikuja kibandani mchana, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye neno zito.

"Fundi, nikuulize. Besi yako ina sauti ngapi?"

"Moja," akasema Fundi, pini zikiwa mdomoni. "Lakini nzuri."

"Kinanda cha Vidole kina sauti mia. Kina tarumbeta, kina filimbi, kina hadi mbwa anabweka."

Vidole alikuwa mpiga kinanda wa bendi, kijana mwembamba mwenye vidole virefu na ulimi mrefu zaidi.

"Mbwa wa nini kwenye harusi?" akauliza Fundi.

"Hujui tu, kaka, siku hizi watu wanataka mambo mapya. Tena juzi Vidole amenionyesha: mkono wa kushoto unapiga besi, wa kulia unapiga mengine yote. Mtu mmoja, sahani moja ya chakula. Unaelewa ninakokwenda?"

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja. Alielewa vizuri sana.

"Mwisho wa mwezi tunapiga kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu," Bosi Mdogo akaendelea. "Hiyo utapiga. Nikisikia kitu kipya kwenye besi, unabaki. Nisiposikia, ndugu yangu, tutaonana suruali yangu ikichanika."

Ninyi mnaweza kusema, basi si aache, ana kazi yake. Lakini Fundi wiki nzima alikuwa anashona marinda yaleyale kwa rangi ileile. Jumamosi peke yake, siku ya bendi, ndiyo aliyojishonea mwenyewe. Kumnyang'anya besi kulikuwa kumwachia kaptula za bluu mpaka uzee.

Akamkumbuka mpiga besi mmoja wa zamani aliyeacha muziki akaenda kufuga kuku. Mtu huyo alikuwa na kisanduku cha kukanyaga, kile kinachogeuza sauti ya gitaa, kinakaa bure stoo chini ya magunia ya pumba. Fundi akamshonea suti, mwenzake akampa kisanduku, na kila mmoja akaenda zake akiamini amemlalia mwenzake.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha chuma, ukubwa wa trei ya mayai. Kilikuwa na vitufe vya kubonyeza kwa mguu, kioo kidogo cha kuonyesha jina la sauti, ngoma za kujipiga zenyewe ndani, na tundu la hedifoni. Upande wa kulia kulikuwa na kikanyagio cha bapa chenye mpira juu. Ukikiinamisha kwa vidole vya mguu sauti inafunguka, ukikirudisha kwa kisigino inajifunga, kama mtu anayefumbua na kufumba mdomo.

Tundu la hedifoni ndilo lililomfurahisha zaidi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Alikuja kusalimia wajukuu, goti likamshika, akabaki atibiwe, na goti halikuwa na haraka. Mama huyu hakupenda kelele, tena kwa heshima hakumkemea mkwewe ana kwa ana. Alimkemea kupitia binti yake, hata kama wote watatu wamekaa kochi moja.

"Mwambie mumeo hilo gitaa linanitetemesha meno."

"Mume wangu, mama anasema—"

"Nimesikia, mke wangu. Mwambie mama namwomba radhi."

Basi kisanduku kilipoingia ndani, Fundi akakiweka mezani juu ya kitambaa cha kudarizi. Kukiweka sakafuni mke wake alikataa kabisa. Kitu cha maana kama kile hakiwekwi chini, watoto wakikimwagia uji itakuwaje? Fundi naye aliona ni sawa. Akawa anakaa kwenye kiti, hedifoni masikioni, anabonyeza vitufe kwa kidole cha mkono, halafu anapiga besi yake kufuata zile ngoma za ndani. Kila jioni baada ya kazi, bila kukosa. Na ngoma za mashine hazina huruma: hazikungoji, hazikubembelezi. Siku za kwanza zilimwacha njiani kama abiria aliyeshuka kununua maji. Baadaye akaanza kuzifikia.

Mama mkwe aliona mambo mengine kabisa. Alimwona mwanamume mzima amefumba macho, anatikisa kichwa, anakwaruza nyuzi zinazolia tiki tiki tiki, kimya.

"Binti yangu, njoo huku jikoni. Gitaa la mumeo limekufa."

"Halijafa, mama."

"Limekufa, na yeye hajaambiwa. Msimwambie ghafla."

Binti akacheka mpaka akakaa chini. Siku iliyofuata, Fundi alipotoka kuoga, alimkuta mama mkwe amevaa hedifoni juu ya kilemba, mabega yanacheza, kidole kinabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Sauti zote alikuwa amezipa majina. Ile nzito iliyokwaruza aliiita kiboko mwenye mafua. Ile ya kuvuma, nyuki ndani ya debe. Ile ya duara, laini, isiyo na madoido, akasema, "Hii ni mtu mzima anaongea." Kuvua hedifoni alikataa.

"Mwambie mumeo asubiri zamu yake."

Basi siku ya mazoezi na bendi ikafika. Kwa mara ya kwanza kisanduku kikawekwa sakafuni, mbele ya mguu wa kulia wa Fundi, na Fundi akasimama kama rubani. Ngoma ikaanza, kinanda kikaingia, besi ikaingia, ikawa: wau-wau-wau-wau-wau!

Bosi Mdogo akanyoosha mkono. Wote wakanyamaza.

"Nani ameleta bata humu?"

"Ni besi," akasema Vidole. "Inalilia maziwa."

Fundi akabadilisha waya. Wau-wau-wau. Akabadilisha sauti, akajaribu kiboko mwenye mafua: kiboko akaanza kupiga chafya mfululizo. Akahamia kwenye spika nyingine. Bata akamfuata. Alikagua kila kitu mbele yake, nyuma yake na mikononi mwake. Mahali pekee ambapo hakutazama ni miguuni.

"Mambo mapya niliyoomba hayakuwa haya," akasema Bosi Mdogo, kwa upole, na upole ule ulimuuma Fundi kuliko matusi. "Jumamosi ya mwalimu mkuu ndiyo ya mwisho kukupima, kaka. Mimi nimekwambia."

Vidole alikuwa tayari anachezesha mkono wake wa kushoto hewani.

Nyumbani Fundi hakula. Akakaa kwenye kiti chake, kisanduku mezani, akapiga. Mezani kisanduku kilikuwa kizima, hakuna bata wala mtoto wa bata. Akapiga tena, amechanganyikiwa. Mama mkwe, goti lake limenyooshwa juu ya mto, alikuwa amekaa mahali ambapo macho yake yalitua moja kwa moja chini ya meza.

"Mwambie mumeo anashona."

"Anapiga gitaa, mama."

"Juu anapiga gitaa. Chini anashona. Hebu tazama huo mguu!"

Wakatazama wote. Mguu wa kulia ulikuwa unakwenda kisigino-vidole, kisigino-vidole, taratibu, bila kuulizwa na mtu. Wimbo ulipofika mwisho wa ubeti, mguu ukapunguza mwendo, kama anavyopunguza fundi akifika kwenye kona ya kola, kisha ukashika kasi tena.

Jamani, mtamlaumu nani? Kwa fundi wa cherehani, mikono ikishika kazi mguu nao unashika kazi. Miaka yote haikuwa vinginevyo. Weka chini ya mguu huo kitu chochote kinachoinama, utashona tu.

Wakajaribu kuuzuia. Mke akaufunga kwenye mguu wa kiti kwa tepu ya kupimia. Mguu ukatulia, na mikono ikapotea hapohapo. Ngoma zikamwacha kama siku ya kwanza, vidole vinauliza kama kazi imekwisha. Wakamkalisha mtoto wa mwisho juu ya mguu. Mtoto akabembezwa, akafurahi, akalala, mguu haukusimama.

"Basi," akasema Fundi, "nakwenda kumwambia Bosi ampe Vidole nafasi."

"Mwambie mumeo aache ujinga," akasema mama mkwe. "Mtoto asiyeacha kuvuta kamba unampa kamba isiyofungwa kitu."

Kisha Fundi akakivuta kisanduku karibu, akaanza kupekua kwenye kile kioo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika palipohusu kikanyagio. Hapo kulikuwa na uchaguzi: kifungue sauti, kiongeze ukali, kipandishe nguvu, au kisifanye chochote. Akachagua kisifanye chochote. Halafu, mke wake akiwa amegeuzia uso ukutani asione dhambi hiyo, akakishusha kisanduku sakafuni, akaweka mguu, akapiga. Mguu ukashona weee! Sauti ikabaki ile ya duara, mtu mzima anaongea.

Sherehe ya mwalimu mkuu ilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa shule, viti vimesukumwa ukutani. Fundi alipewa nafasi yake ileile karibu na mlango. Wimbo wa kwanza ukaanza. Besi ikaingia na haikuyumba. Ilikaa juu ya ngoma kama kifungo kwenye tundu lake. Kwa mara ya kwanza mpiga ngoma aligeuka kuangalia nani amemshika mkono. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi waliapa kwamba hana magoti, akainuka kucheza, wengine wakamfuata.

Bosi Mdogo akasikia. Akageuka kutafuta sababu, na macho yake, kama macho ya wengi wetu, yakaenda kwenye kinachotikisika. Akauona mguu juu ya kisanduku, kisigino-vidole, kisigino-vidole.

Wimbo ulipokwisha alikuja mbio. "Fundi! Umefanyaje?"

"Nimekanyaga tu."

"Ndiyo yenyewe hiyo! Si nilikwambia? Kanyaga hivyohivyo!"

Katikati ya wimbo wa pili mhudumu akataka kupita na trei, Fundi akauondoa mguu kumpisha. Mara moja Bosi Mdogo akapiga kelele kutoka mbele, "Mguu, Fundi, mguu! Sauti imekonda!" Fundi akaurudisha. "Eeeh!" akasema Bosi Mdogo, amefumba macho kwa raha. "Sasa imenenepa."

Fundi aliinamia gitaa lake kwa muda mrefu sana. Waliokuwa mbali walidhani ni hisia za muziki.

Wakati wa kufunga vyombo, Bosi Mdogo alimshika bega mbele ya wote. "Huyu haendi popote. Vidole, mkono wako wa kushoto urudi kwenye kazi yake." Mke wa Fundi, aliyekuja kuwaangalia, aliuliza kwa sauti ya chini kama si vizuri kumweleza Bosi Mdogo, mzee wa watu, ukweli. Fundi akasema ukweli ni kwamba amefanya mazoezi kila jioni, na hilo akiulizwa atalieleza. Lakini aliyeulizwa ni mguu, na mguu hausemi.

Vidole ndiye hakulala. Siku ya Jumatatu alitokea kibandani, mnyenyekevu ghafla, akabeba na maandazi.

"Kaka Fundi, shikamoo. Nami nataka kununua kisanduku kama chako. Nifundishe huo mguu."

"Marahaba. Mguu huu hauji hivihivi, mdogo wangu."

"Niko tayari kwa lolote."

Fundi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akatazama rundo la sketi zilizokuwa zinangoja kupindwa, shule zinafunguliwa wiki ile. Akainuka kwenye kiti chake, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa. Mguu wa kulia mbele kidogo. Kisigino, vidole. Polepole, usikate uzi. Mimi nitakushikia kitambaa."

Hadi saa ya chakula Vidole alikuwa ameshapinda sketi za darasa zima, uso umejaa jasho, na kila mara akiuliza, "Nimeanza kuupata, kaka?"

"Bado bado," Fundi akajibu, akimega andazi. "Lakini unakuja vizuri. Kesho tutaingia kwenye kaptula."