Karanga ya Kumi na Saba

Mjomba, mshenga wangu, aliipeleka barua ya posa Magomeni, Kilosa, akarudi nayo Mikumi uso umemshuka. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, hakuikataa posa. Alikataa mshororo mmoja.

Nilijitakia. Nilijua mzee ni mtu wa mashairi, nikajitia umalenga, nikaandika posa nzima kwa beti huku naziba pancha za malori. Pale nilipoandika "Baba nimekuja kwako, ninaomba uniridhie", kipande cha pili kilikuwa na mizani tisa badala ya nane. Mzee alitaka nirekebishe, kisha niilete mwenyewe.

Nikaifanya "ninaomba" kuwa "naomba". Nilihesabu kwa vidole hadi madereva wakadhani nimechanganyikiwa. Wacha wadhani, nilimpenda yule binti.

Jumamosi nikampa mzee shikamoo, akaitikia. Yeye hakutumia vidole. Aliniambia niusome mshororo polepole, na kwa kila silabi akaweka karanga moja ya kukaanga kwenye sinia. Nilipomaliza akazihesabu kwa kuzigusa moja moja. Kumi na saba.

"Umezidisha tena," alisema. "Rudi baada ya mwezi."

Ile ya mwisho niliiona kwa macho yangu ikidondoka kiganjani mwake nikiwa nimeshafunga mdomo. Mzee mzima, anachakachua karanga. Nilikasirika, lakini nani atamwambia baba mkwe mtarajiwa kwamba anaiba? Nikasema sawa baba, nitarekebisha, na moyoni nikamtukana kwa vina.

Binti yake alikuwa anatuletea chai. Akaweka vikombe, akaokota karanga moja, akaitafuna taratibu mbele yetu.

"Zimetimia, baba," alisema.

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Mzee akapapasa sinia, akahesabu upya, akaishia kumi na sita.

"Siku hizi herufi sizioni," akaniambia mwishowe. "Huyu ndiye ananisomea. Ukimchukua, nani atanisomea?"

Hasira yangu yote ikageuka aibu. Nikamwambia nitakuwa nakuja kila Jumapili kumsomea mimi. Akasema mimi ni msomaji mbovu, navuta maneno. Kisha akapapasa pembeni ya kiti, akatoa daftari la mashairi yake, akanifungulia juu chini.

"Basi anza leo," alisema, "nikuzoee."