Zimwi Lenye Duka Mbale

Watoto wa Wanyange, nje kidogo ya Jinja, walimpenda Ramula kwa hadithi moja: zimwi lililomfungia mkewe ghalani, akiwa na uchungu wa kuzaa, mpaka akanyamaza. Hawakujua kwamba mke huyo alikuwa Habibah, dada yake Ramula, wala kwamba zimwi lenyewe ni Sulait, muuza nafaka wa Mbale. Jirani aliyesikia vilio ndiye aliyemnong'oneza Ramula siku ya maziko. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaamua yaishe. Ramula akafunga mdomo, lakini chuki hakuizika.

Ndipo akaja Norah, mwalimu wa chuo aliyekuwa akikusanya masimulizi ya Busoga. Akamrekodi, akatabasamu.

"Hii ni ngano, Mama. Haina jina wala mahali, na wanaoisikiliza wanajua ni ya kubuni. Ingekuwa na mtu na mahali panapojulikana, watu wakaiamini, ningeiweka kwenye visakale."

"Iondoe kwenye ngano," Ramula akasema. "Zimwi hilo lina duka."

Aliposimuliwa yote, Norah akazima kinasa sauti. "Nakuamini, Mama. Lakini mimi napanga kama watu wanavyosimulia."

Basi Ramula akapanda gari hadi Mbale. Akaketi kwenye baraza mkabala na duka la Sulait, kati ya wanawake waliokuwa wakichambua maharage, akaanza hadithi ile ile. Safari hii hakutaja zimwi. Alimtaja Sulait. Alimtaja Habibah. Ghala akalionyesha kwa kidole. Mikono ya wale wanawake ikasimama.

Sulait akatoka, mzee sasa, kofia mkononi. "Shemeji, yale tulishayamaliza. Unataka nini?"

"Uliyamaliza na wazee. Mimi nataka wajukuu zako wakusikie midomoni mwa watu."

Ramula akarudi tena na tena, hadi wateja wakaanza kununua kwingine na Sulait akawa anafungua ubao mmoja tu wa mlango.

Mwaka uliofuata Norah alimsikilizisha Ramula sauti aliyoirekodi Mbale, ya mwanamke asiyemjua hata kwa sura. Jina lilikuwamo, duka pia. Tena mwanamke huyo aliongeza kwamba hadi leo, mahindi yakimiminwa ghalani, Habibah husikika akiomba maji.

"Hilo nalo ni kweli?" Norah akauliza.

"Si kweli," Ramula akajibu, akitabasamu kama mtu aliyekula akashiba. "Usilifute."