Alama kwenye Paji la Bibi

Tapentaini ina harufu ambayo watu wengi huikunjia pua. Mimi nikiinusa mlangoni mwa duka la rangi husimama kidogo, na papo hapo niko tena Kizota, Dodoma, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, katika chumba ambamo shangazi yangu Pendo, mwalimu wa sanaa, alinifundisha kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Nilikuwa bado shule ya msingi.

Shangazi hakutaka mambo ya kubahatisha. Alibandika ukutani picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani: mama wa Kifaransa wa enzi hizo za magauni meupe, amejiegemeza kitini kama aliyeshiba, ngozi yake nyororo kama yai lililomenywa. "Mnakili huyu," aliniambia. "Ukimweza huyu, hakuna atakayekushinda."

Basi kiangazi chote nilichora miraba ya kupimia sura, nikapaka kwanza rangi ya udongo, nikangoja ikauke, nikaongeza tabaka juu ya tabaka, nikilainisha mpaka nyayo za brashi zipotee. Nikilalamika, Shangazi alisema mvumilivu hula mbivu, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kungoja hata chai ipoe. Upepo wa Dodoma nao haukuwa na adabu. Ulimpaka yule mama vumbi jekundu mashavuni, hata Shangazi akasema sasa ni mwenzetu, amebakiza kutafutiwa shamba la mtama tu.

Nilipomaliza nilijiona fundi kamili. Ndipo bibi, mama yake Shangazi, tuliyekuwa tukiishi naye, akaniita. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na wiki ile alikuwa apelekwe hospitali Mvumi kupasuliwa. Aliogopa sana.

"Mjukuu wangu, nichore na mimi," alisema. "Wakiniharibu huko, niwe nimejiona mara ya mwisho."

Nilimkalisha penye mwanga, nikachapa kazi. Muda wa kungoja tabaka zikauke haukuwepo, nikapaka rangi juu ya ile ya udongo ingali mbichi. Nilifuata nilichofundishwa: makunyanzi yote nikayalainisha. Na ile alama ya duara katikati ya paji la uso, ambayo wazee wengi wa Kigogo wanayo, nikaifunika kabisa, maana mama wa kalenda hakuwa na kitu pajini. Kwa akili yangu, nilikuwa nampamba.

Asubuhi ya safari nikampa picha. Aliisogeza mpaka karibu iguse pua, akageuza kichwa huku na huku akitafuta nuru.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Binti mzuri. Lakini si mimi. Alama yangu umeipeleka wapi?"

Kabla sijajibu alikandamiza dole gumba katikati ya lile paji nililolihangaikia, akalizungusha, na rangi ya udongo ikachomoza kutoka chini. "Haya, sasa ndiye," akasema, akajifuta kidole kwenye khanga yake ya safari.

Nililia kwa uchungu. Nikaichukua brashi nirekebishe, lakini Shangazi, aliyekuwa akifunga mizigo, akanishika mkono. "Hapo usiguse," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Bibi alirudi akiona vizuri kwa jicho moja, akaitundika picha yake juu ya kitanda. Mimi nilikuwa mtu mzima, bibi ameshatutoka, Shangazi aliponisimulia kwamba alama ile zamani walichanjwa watoto walioumwa macho. Bibi alipokuwa mdogo macho yalimvimba hadi yakafunga, na mama yake ndiye aliyempakata na kumshikilia wakati anachanjwa, akilia kuliko mtoto mwenyewe.

Siku ile nilidhani ananiharibia kazi. Kumbe bibi yangu alikuwa anakwenda kukatwa macho na watu asiowajua, na hakutaka kwenda bila mama yake.