Zamu ya Maji ya Bwana Zabibu

Mtu akichukua maji ya watoto wako akayageuza zabibu, utamwitaje? Mimi namwita mwizi. Wenzangu niliosoma nao chuo cha ualimu wanamwita mkulima hodari, kwa sababu anavaa buti na kupanda farasi. Basi na wasome habari za Lerionka, halafu waniambie mwizi ni nani.

Lerionka ni mtu wa miteremko ya Mlima Meru, juu ya njia iendayo Usa River. Ujana wake uliishia kwenye mawe ya boma la Arusha, aliyoyabeba pamoja na wenzake wa rika moja waliokamatwa baada ya vita na Wajerumani. Alirudi na bega limepinda, akakuta baba yake amekwisha kufa. Watu wakampa kazi ya marehemu, yaani kuulinda mfereji unaoteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye migomba yetu.

Kazi hiyo haina mshahara wala kofia. Mlinzi wa mfereji hugawa zamu, huamua ugomvi, na mafuriko yakibomoa banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, yeye hupiga pembe na kila nyumba yenye zamu hutoka na jembe. Asiyetoka hapati maji. Mtu akitaka zamu, mgeni au mwenyeji, huleta pombe ya asali, wazee wakanywa, naye kuanzia siku hiyo ni mtu wa mfereji. Hatukuwahi kumnyima mtu. Huo ndio wema uliotuponza.

Maana siku moja alikuja Mjerumani aliyepewa ardhi chini yetu, ardhi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa juu yake. Alileta pipa la divai. Lerionka alionja, akakunja uso.

"Mkojo wa beberu," akawaambia wazee kwa Kimaa. "Lakini mtu ameomba kwa adabu. Kunyweni."

Wakanywa, wakicheka. Wakampa siku moja katika juma. Walidhani wamempata mwenzao. Yeye alirudi nyumbani akiamini amenunua mto.

Mwaka wa kwanza alituma vibarua wake kuja kuzibua mfereji pamoja nasi, tukasema huyu ni mtu. Zabibu zake zilikuwa mistari michache tu, na mavuno yalikwenda kwa wageni wake. Mwaka uliofuata alikausha zabibu juani, akazipeleka Moshi kwenye reli, zikashuka Tanga na kupakiwa melini. Mwaka huu mizabibu imefika hadi ukingo wa kijito. Kijerumani nakijua, nikamsikia kwa masikio yangu akijisifu mbele ya wageni: kila mwaka zabibu zinazotoka nchi hii kwenda Ulaya zinaongezeka, na bado zitaongezeka! Wageni wakagonga glasi. Hakuna aliyeuliza kinachopungua ni nini.

Nitawaambia mimi. Siku yake moja ikawa mbili, kisha nne, kisha akaweka nyapara mwenye bakora penye njia panda ya maji, pale mfereji unapogawanyika. Vibarua wake hawakuja tena kuzibua. Majani ya migomba yetu yakaanza kuning'inia kama matambara, ng'ombe wakanywa tope. Na watu, badala ya kumlaumu mwizi, wakamgeukia Lerionka, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kunyweni.

"Baba Simaloi," jirani yake mjane, Nkasiogi, alimwita mbele za watu, "lile pipa lilibaki hata tone? Nina migomba inasikia kiu."

"Lilikwisha, mama."

"Pole. Basi njoo uiimbie."

Watu wakacheka. Lerionka hakucheka. Usiku huo, mkewe aliniambia, hakugusa chakula.

Masika yalipokoma, mto ulikuwa umelibomoa banio lote. Mfereji ukakauka, kwetu na kwa Mjerumani vilevile, na ndio kwanza vichala vyake vilikuwa vinajaa. Akatuita, Lerionka na mimi, mimi nikiwa mkalimani. Alikuwa amekaa barazani, na nyapara wake Jamaldini amesimama nyuma ya kiti.

"Mwambie kesho watu wake walitengeneze banio," alisema. "Wote."

Nikafasiri. Lerionka akaamkia kwanza, kama inavyopasa, ndipo akajibu, "Mwambie nami nataka hivyo. Kesho nitapiga pembe. Naye aje na jembe lake."

"Jembe?" Mjerumani akaangua kicheko. "Maji ni yangu. Nililipa pipa zima, nao wakanywa!"

"Hata baba yangu alileta pombe," alisema Lerionka. "Hata mimi. Ni pombe ya kuomba zamu, si ya kununua mto. Mwulize, kama mto uliuzwa, muuzaji ni nani? Nimjue, nikamdai fungu langu."

Jamaldini akazuia kicheko kwa kiganja. Nilipofasiri, uso wa Mjerumani ukawa mwekundu. Nikaongeza kwa maneno yangu kwamba huo ni uonevu, kwamba hata sheria ya kwao haimruhusu.

"Wewe fasiri," akanikata, "usihubiri!"

Kisha akaamuru hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mtu mzima, baba wa watoto, alilazwa kifudifudi kwenye uwanja ambapo zabibu zilianikwa, na Jamaldini akatekeleza. Nami nauliza, kila mzigo uliopanda meli mwaka huu, je, kuna mtu huko Ulaya aliyeambiwa umechumwa wapi na umenyweshwa nini? Wanahesabu magunia. Mgongo wa Lerionka hawauhesabu!

Tulimrudisha nyumbani tukimshika mabega. Watu walijaa uani, na Nkasiogi alikuwa wa kwanza kuleta samli ya kumpaka. 

"Kesho napiga pembe," Lerionka alisema akiwa amelala kwa tumbo.

"Tukamtengenezee yeye?" kijana mmoja akafoka. "Baada ya haya?"

"Tutengeneze mfereji. Mfereji si wake."

Asubuhi yake niliamshwa na pembe. Nilikwenda na jembe la jirani, nikakuta watu wa nyumba zote wamo mtoni hadi magotini, wakipanga mawe, wakikandika udongo na vipande vya migomba. Jamaldini alitazama kutoka ukingoni akifurahi, akidhani amri imetiiwa, na akatuma habari shambani. Maji yalipoanza kuingia mferejini, Lerionka, shuka lake limegandamana na mgongo, alishuka taratibu hadi njia panda ya maji. Akaanza kuita nyumba moja moja kwa jina la mwenyewe, na kila aliyeitwa aliinua jembe lenye tope.

Mjerumani alifika juu ya farasi wake wakati huohuo. Lerionka alimwona. Akaliita jina lake kwa sauti ileile, bila kejeli, akangoja. Akaliita tena.

"Anasema nini?" Mjerumani akaniuliza.

"Anauliza jembe lako liko wapi, bwana."

Lerionka akainama kwa maumivu, akaokota bonge la udongo na kulisukuma kwenye mdomo wa mchirizi uendao kwenye mizabibu. Nkasiogi akaweka la pili. Kisha sote.

"Zibua!" Mjerumani akampigia kelele nyapara wake.

Jamaldini alitia mguu mmoja majini. Watu wakasogea, majembe mabegani. Akautoa mguu, akasimama akichuruzika maji, bakora imeelekea chini, huku maji yakigeuka taratibu na kushika njia ya migomba.