Zumari Iliyofutwa kwa Kanzu

Redio haijui kuniacha. Nimekaa zangu barazani hapa Msambweni, nachambua mchele, mjukuu kafungua redio, mara zumari ile inalia. Naitambua mara moja. Wimbo ukiisha, mtangazaji, kijana wa juzi, anasema kwa sauti ya majonzi kwamba fundi huyu mkubwa wa pwani ya kusini aliuawa na mwanafunzi wake kwa sababu ya mwanamke.

Mwanamke mwenyewe ni mimi. Mjukuu wangu hajui. Namwambia azime redio, inaniumiza kichwa, naye anaizima huku amenuna.

Miaka ile ya hamsini watu walimwita Fundi tu, na hakuna aliyeuliza fundi gani. Kwake kulikuwa Waa, lakini alikuwa mtu wa kila mahali. Arusi isiyokuwa naye ilikuwa kula na kuondoka. Alikwenda Mombasa akapiga kwenye santuri, na santuri ile ikachezwa katika duka moja la Ukunda hata wanawake tukajifanya tumesahau kununua chumvi, tukarudi tena dukani. Mimi nilimheshimu Fundi kama baba mkwe. Mkono wake sikuwahi kuugusa ila kwa kumwamkia, na hapo huwa nimefunika wangu kwa ncha ya leso.

Mume wangu alikuwa mwanafunzi wake tangu hajaota ndevu. Zumari ina ulimi, kijipande cha jani la mvumo, mti kama mnazi, kinachotiwa mdomoni, na ulimi mkavu haulii. Sharti uloweshwe kwa mate. Kazi hiyo ilikuwa ya mwanafunzi. Ngoma zikianza, huutia kinywani mwake akaulainisha taratibu, kisha akampa mwalimu zumari kwa mikono miwili, na mwalimu huipokea na kuipiga vivyo hivyo bila kuifuta. Kuifuta ni kumwambia mwenzako kwamba kinywa chake ni uchafu kwako. Hilo halikuandikwa popote, lakini kwetu hata mtoto alilijua. Hata santuri ile ya Mombasa, ulimi uliolia humo ulilainishwa kinywani mwa mume wangu. Alikuwa akilisema hilo kila wageni wakija, mpaka mimi nikimkonyeza anyamaze.

Kupiga mbele ya watu kulikuwa jambo jingine. Mwanafunzi hapigi mpaka mwalimu amwambie, na Fundi hakusema. Mume wangu alipiga peke yake shambani, akiwaliza kunguru, nami nilimtania kwamba kunguru wamemkubali, bado watu.

Kisha ikaja arusi ya Munje. Fundi alifika na homa, amejifunika shuka, macho mekundu. Watu walikwisha kukaa, ngoma zimekwisha kupashwa moto. Akamwambia mume wangu, "Haya, waanzie." Basi.

Mimi wakati huo nilikuwa uani na wanawake wenzangu, juu ya mbuzi, nakuna nazi. Uani kwa arusi mnajua kulivyo: huyu anatwanga viungo, yule anagombana na mkewenza juu ya sufuria, watoto wanalia, moshi umetanda. Zumari niliisikia kwa mbali tu, kama unavyosikia mtu anazungumza nyumba ya tatu. Nilijua kuna jambo kwa vigelegele. Vilipanda, vikapanda tena, mpaka mwanamke mmoja akanisukuma bega akaniambia, "Mumeo huyo!" Nikaendelea kukuna huku nacheka peke yangu kwa furaha. Nilitaka niimalize ile nazi kwanza, kisha nikatazame.

Ghafla vigelegele vikakatika. Nilitupa kifuu nikatoka mbio, na nilichokiona ndicho ninachokiona mpaka leo nikifumba macho. Fundi alikuwa amesimama. Alikuwa ameitoa zumari kinywani mwa mume wangu, wimbo haujaisha. Akaushika ule ulimi, akaufuta kwa upindo wa kanzu yake, akaufuta tena, kisha akaipiga zumari yeye. Mtu mmoja akacheka. Wengine wakamfuata.

Kwa nini aliufuta? Nimesikia maneno ya kila namna. Wako walioapa kwamba mume wangu alikosea, akaharibu wimbo wa bibi arusi. Wako walioapa kwamba alipiga vizuri mno na Fundi hakustahimili. Na wako waliosema homa ndiyo iliyofuta, mzee wa watu hakujua alifanyalo. Fundi mwenyewe hakuulizwa.

Mume wangu alirudi nyumbani akawa anaosha kinywa. Asubuhi anaosha, akitoka msikitini anaosha, akimaliza kula anaosha tena, mpaka ufizi ukatoka damu. Kikombe changu hakukinywea tena. Nilimwambia, "Bwana, mzee alikuwa mgonjwa, msamehe." Akanitazama kana kwamba nimesema Kizungu.

Mwezi haukwisha. Baada ya sala ya alasiri alikwenda Waa, akamkuta Fundi barazani kwake anachonga ndimi mpya. Akampa shikamoo. Akambusu mkono, kama ilivyo adabu ya mwanafunzi, na Fundi akamwitikia marahaba, mwanangu. Kisha mume wangu akatoa panga. Watoto wa Fundi ndio waliosimulia hivyo, na ile shikamoo hunitia baridi kuliko panga lenyewe. Hakukimbia. Alikaa pale pale mpaka askari wa chifu wakaja kumchukua.

Serikali ilimpa wakili, Mhindi mpole mwenye kikohozi. Yeye ndiye aliyewaeleza wazee kwamba kuua kwa sababu ya zumari ni kitanzi, hakuna njia. Lakini mume akimfumania mtu na mkewe, akapandwa na hasira, jaji anaweza kumpa kifungo tu, akatoka siku moja. Alieleza hayo, akakohoa, akatazama pembeni.

Mama mkwe alinifuata Kikoneni, kwa wazazi wangu nilikokimbilia. Alinipigia magoti, mtu mzima yule.

"Mwanangu, nakuomba kwa maziwa niliyomnyonyesha. Sema Fundi alikuwa wako. Watu watakusema, kisha watachoka."

"Mama, inuka. Utanitia laana ukinipigia magoti."

"Siinuki mpaka useme."

Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Ukayaseme hayo, na hapa kwangu usirudi."

Nikakubali. Nilimpenda yule mwanamume, na siogopi kulisema uzeeni. Niliona heri niitwe malaya na yeye awe hai, kuliko kubaki mwanamke mwema, mjane. Fundi alikuwa kaburini, nikajiambia hatasikia uchungu. Nilivuka kivuko cha Likoni, buibui limenifunika, nikirudiarudia uongo wangu: siku gani, wapi, alinipa nini.

Mahakamani waliniletea Msahafu niape. Niliunyoshea mkono, na mkalimani akaanza kunisomea kiapo. Sikuwa nimefika kuugusa. Mume wangu alisimama kule kizimbani akapaza sauti.

"Mwacheni! Msimwapishe! Mke wangu hana jambo na mtu. Nilimuua kwa sababu aliifuta zumari."

Mkalimani akatafsiri. Jaji akauliza. Mkalimani akatafsiri tena, safari hii akijifuta mdomo kwa mkono ili jaji aelewe. Jaji, Mzungu aliyechoka, akauliza kama ni hayo tu. Mume wangu akajibu kwamba ni hayo tu. Yule Mhindi akafunika uso.

Nilitoka pale nikilia, lakini ndani ya kilio mlikuwa na raha moja nisiyoweza kuificha. Amekubali kufa ili jina langu lisichafuke. Mwanamke gani wa Kwale amepewa mahari kama hayo? Watu hawakuona hivyo. Waliona kwamba mwanamume anayekana kwa kelele namna ile bila shaka anasitiri aibu ya mkewe, kwani nani anayeua kwa ajili ya mate? Kutoka Waa hadi Munje nikawa mwanamke wa Fundi bila kusema neno, na maneno hayo ndiyo yaliyofika hata redioni. Mimi sikujali. Nilikuwa na lile langu moyoni.

Waliniruhusu kumwona kule Ngomeni, jela ya Mombasa, kabla hawajampeleka bara kunyongwa. Kulikuwa na waya kati yetu na askari amesimama anapiga miayo. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Nilikuwa nimejiandaa kumshukuru. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Likoni.

Akawahi yeye. Akausogeza uso kwenye waya, akanitazama kwa macho ambayo sikupata kuyaona hata siku ya arusi yetu.

"Mke wangu, niambie kweli. Ile siku ya Munje, ulinisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nimemfikia Fundi?"

Hapo nikajua. Hakuniokoa mimi kule mahakamani. Hakutaka watu wadhani ameua kwa sababu ya mwanamke. Hasira ilinipanda, wallahi, nilitaka nimwambie kwamba sijui, sikusikia kitu, nilikuwa nakuna nazi. Lakini alikuwa akingoja huku ameachama, kama mtoto anayesubiri tonge.

"Ulimpita," nikamwambia.

Akafumba macho akatabasamu. Wakamchukua akiwa bado anatabasamu.